Mwingereza wa Arlington na Sababu za Kushindwa

Wiki niliyoshindwa uchaguzi, mtu wa kwanza kunihurumia bila kunidanganya alikuwa mgonjwa wangu, Mwingereza mwenye umri wa karibu miaka tisini.

Haukuwa uchaguzi ambao dunia ingeusikia. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Arlington, Texas, tuna jumuiya yetu: Wakenya wengi, Warundi wengi, Wakongo wachache na familia mbili tatu za Kitanzania. Tunakutana katika ukumbi wa kanisa tunaoazimwa. Tunapokeana uwanja wa ndege, tunaozeshana, tunazikana. Nilikuwa mwenyekiti kwa miaka mitano. Jumamosi moja alasiri watu wakaandika majina kwenye vipande vya karatasi, vikahesabiwa mbele yetu juu ya meza ya chai, na jina langu likaja la pili. Aliyenishinda alikuwa mama Mrundi anayefanya kazi ya kupanga mizigo ghalani. Wafuasi wake wengi walifika wakiwa bado na vizibao vyao vya kazi, vile vya rangi ya kung'aa. Baadhi yao sikuwahi kuwaona mkutanoni hata siku moja, na nakumbuka nilijiuliza kwa hasira, hawa wametoka wapi?

Ili uelewe hasira yangu, lazima nikueleze juu ya barafu.

Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, Texas nzima iliganda. Umeme ulikatika kwa siku kadhaa, mabomba yakapasuka ndani ya kuta, barabara zikawa kioo. Mimi ni muuguzi, na nilijua ni nini kingewaua watu wetu kabla ya baridi: majiko ya mkaa. Watu wangeyaingiza ndani ili wapate joto, wafunge madirisha, walale, wasiamke. Nilitembea kwa miguu kutoka jengo moja la vyumba hadi jingine nikigonga milango na kupaza sauti, "Toeni mkaa nje!" Katika nyumba moja ya Warundi nilikuta jiko limeshawashwa na mtoto wa miaka mitatu amelegea kochini. Nilimbeba hadi nje, nikakaa naye juu ya ngazi zenye barafu mpaka akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Kisha nikafungua ukumbi wa kanisa, ambao ulikuwa na umeme kwa sababu uko kwenye laini moja na hospitali, na familia kumi na tisa zikalala mle sakafuni hadi mabomba yalipotengenezwa.

Kwa hiyo niliposhindwa nilijiambia kwamba nimelipwa ubaya kwa wema. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa mgonjwa wangu Jumatatu asubuhi.

Nilikuwa nikimtembelea nyumbani kwa binti yake, aliyeolewa na Mmarekani, mara tatu kwa wiki. Moyo wake ulikuwa umechoka. Kazi yangu ilikuwa kumpima uzito na presha, kubonyeza miguu yake nione kama maji yamejaa, na kuhakikisha amemeza vidonge badala ya kuvificha chini ya sahani. Aliniita Sista, kwani kwao ndivyo walivyozoea kumwita muuguzi wa cheo. Mimi nilimwita Mzee. Nilipomweleza maana yake alicheka, akasema ni jina la kwanza alilowahi kupewa ambalo alilifanyia kazi.

Siku hiyo nilimfunga kitambaa cha presha kwenye mkono usiofaa. Aliutazama mkono, akanitazama usoni.

"Huo ni uso wa Ijumaa asubuhi," akasema.

"Leo ni Jumatatu, Mzee."

"Najua. Kwetu tunapiga kura Alhamisi. Aliyeshindwa huamka Ijumaa na uso kama huo. Nani amekushinda?"

Sikuwa nimemwambia neno. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikamweleza yote: barafu, mtoto, ukumbi, vile vizibao vya kung'aa. Ndipo nilipojua alichokuwa akifanya maishani. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mratibu wa kampeni wa chama cha siasa cha wafanyakazi katika mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza. Hakuwahi kugombea chochote. Kazi yake ilikuwa kuwa na orodha ya kila nyumba, kujua nani yuko upande wao, na siku ya kura kuhakikisha huyo mtu ametoka nyumbani.

"Mama yangu," akasema, "alikuwa na picha ya waziri mkuu wa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliikata gazetini, akaibandika juu ya jiko. Mabomu yalipokuwa yakianguka, sauti ya mtu yule redioni ndiyo iliyomfanya alale. Vita vilipokwisha, uchaguzi ukaitishwa. Mama akavaa kofia yake ya kanisani, akaenda kupiga kura dhidi yake."

"Kwa nini?"

"Hilo ndilo nililomuuliza. Akasema: yeye ametutoa vitani, namshukuru. Sasa nataka nyumba isiyovuja na daktari ninayeweza kumwita bila kuogopa malipo. Huyu hazungumzii nyumba. Na picha hakuiondoa, Sista. Ilibaki pale juu ya jiko mpaka ikawa ya kahawia."

Nilimwambia kwamba huo bado ni utovu wa shukrani.

"Hapana," akasema, akageuza uso kuelekea dirishani. "Shukrani na kura ni vitu viwili. Wanasiasa wangapi wameumia kwa kuvichanganya!"

Sikuyapenda maneno hayo. Nilimaliza kazi yangu nikaondoka. Mwisho wa wiki hiyo niliendesha gari hadi Houston kwa mdogo wangu anayeishi mtaa wa Sharpstown, nikitafuta mtu wa kunikubalia. Ni mwendo wa saa nne, na njia nzima nilikuwa nikipanga jinsi ya kumsimulia. Alinipikia mukimo wa viazi na mahindi na nyama ya kukaanga, akanisikiliza hadi mwisho huku watoto wake wakipita na kunisalimia kwa Kiingereza. Kisha akaweka kijiko chini.

"Dada, nikuambie kitu na usinune?"

"Niambie."

"Hata mimi nimechoka na hiyo barafu."

"Umechoka vipi?"

"Krismasi ulituhadithia barafu. Pasaka, barafu. Kwenye harusi ya binamu yetu ulipewa maikrofoni umtakie bibi harusi heri, ukahadithia barafu. Sasa hao watu wako, umewafanyia nini tangu barafu iyeyuke?"

Nilinuna, bila shaka. Lakini nikirudi Arlington kwenye ile barabara iliyonyooka, nilijaribu kulijibu swali lake kwa haki, na kabla sijafika nusu ya njia nilikuwa nimeishiwa na majibu.

Baada ya hapo nilianza kumuuliza Mzee maswali, na yeye akafurahi kama mtu aliyerudishiwa kazi yake. Haikuwa darasa. Siku nyingine alikuwa na pumzi ya sentensi tatu tu, siku nyingine angesema mpaka uji unapoa. Alinieleza jinsi chama chake, baada ya kujenga mfumo wa matibabu ya bure, kilivyoondolewa madarakani miaka sita tu baada ya vita, ingawa kilikuwa kimepata kura nyingi kuliko walioshinda. Kura hizo zilirundikana mahali ambapo tayari walikuwa na nguvu. Kwingine, wanawake walikuwa wamechoka kupanga foleni za nyama na sukari wakiwa na vitabu vya mgao, wakawasikiliza wale waliowaahidi kwamba foleni zitakwisha. Na zilipokwisha, na nyumba zikajengwa, na televisheni zikaingia sebuleni, walioahidi wakakaa miaka kumi na mitatu.

Hadithi niliyoipenda zaidi ilikuwa ya majira ya baridi ya miaka ya sabini, wachimba makaa ya mawe walipogoma na serikali ikaagiza viwanda vifanye kazi siku tatu kwa wiki ili umeme usiishe. Mzee alikumbuka kugonga milango akiwa na tochi. Waziri mkuu aliitisha uchaguzi akawataka wananchi waamue nani anaitawala nchi, yeye au wachimba makaa.

"Watu wakamjibu nini?" nikauliza.

"Hawakumjibu vizuri hata kidogo. Hakuna aliyepata wingi wa kutosha bungeni. Lakini nakumbuka mzee mmoja, fundi wa saa, alinifungulia mlango akiwa ameshika mshumaa. Akaniambia, mtu anayeniuliza mimi kama yeye ndiye anayetawala, basi hatawali."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema kuna sababu zinazoandikwa magazetini na kuna sababu zinazosemwa mlangoni. Gazeti litasema ni bei za vitu, ni migomo, ni kashfa, ni upinzani kugawanyika, na yote hayo ni kweli. Aliwahi kuona serikali ikishinda katika uchumi mbaya kwa sababu watu waliuogopa upinzani kuliko walivyoichukia serikali. Aliiona serikali hiyohiyo, miaka mitano baadaye, ikiangushwa uchumi ukiwa umepona, kwa sababu pesa ya nchi iliwahi kuporomoka mikononi mwao na watu hawakuwaamini tena. "Watu hukusamehe makosa," akasema. "Kugundua kwamba hukuwa unajua ulichokuwa ukifanya, hilo ni gumu zaidi."

Ilikuwa siku ya mvua alipofika kwenye uchaguzi wake mwenyewe. Nauita wake kwa sababu ndivyo alivyouita. Miguu yake ilikuwa imevimba na nilikuwa nimeiinua juu ya mito miwili.

"Mwanzoni mwa miaka ya sabini," akasema, "sisi ndio tuliokuwa serikalini. Kura za maoni zote zilisema tunashinda. Ilikuwa Juni, siku nzuri. Jioni bado nilikuwa na mtaa mzima kwenye orodha, nyumba za wafanyakazi ambao kwa kawaida tulikuwa tunawafuata kwa gari kuwapeleka kupiga kura. Madereva walikuwa wamechoka. Mmoja akaniambia, tumeshashinda, tuache watu wale chakula chao. Nikatazama orodha. Nikasema haya, nendeni nyumbani."

Akafumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Tulishindwa kiti chetu cha bunge kwa kura chache kuliko nyumba za mtaa ule. Na nchi nzima tukashindwa vilevile. Magazeti yakasema ni takwimu za biashara zilizotoka siku chache kabla. Wengine wakasema ni timu ya mpira kufungwa kwenye Kombe la Dunia wiki ileile, unaweza kuamini? Juma lililofuata nilikwenda kwenye mtaa ule, nyumba kwa nyumba, nikawauliza. Mama mmoja mgonjwa wa miguu alikuwa bado ameliweka koti lake juu ya kiti cha mlangoni. Akaniambia, nililivaa nikawasubiri. Mnakujaga siku zote."

"Mzee, kura chache za mtaa huo zisingebadilisha serikali ya nchi nzima."

"Zisingebadilisha," akakubali. "Lakini aliketi na koti."

Nilimfuta uso kwa taulo na sote tukajifanya ni jasho.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya Warundi, nilikwenda nyumbani kwa yule mama aliyenishinda. Nilikuwa bado na funguo za ukumbi. Naona aibu kuandika hili: wiki tatu zilikuwa zimepita na sikuwa nimempa, kila mara nikijiambia nitampelekea nikipata nafasi. Alinifungulia mlango mwenyewe, akashtuka, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Mama Mwenyekiti! Karibu, ingia."

"Mwenyekiti ni wewe, mama. Nimekuletea funguo."

Alizipokea kwa mikono miwili. Aliniketisha, akaleta Fanta na maharage yenye ndizi, na sote tukawa tunazungumzia hali ya hewa kama Wazungu. Mwishowe nilimuuliza kama Mzee alivyowauliza wale wa mtaani kwake.

"Nataka unieleze kwa nini hamkunichagua. Sikuja kugombana. Nataka kujua."

Alimtazama mume wake, na mume wake akaitazama sakafu.

"Siku ya kura niliogopa kukuangalia," akasema. "Mtoto wa dada yangu ndiye uliyembeba. Ile siku ya baridi. Kila usiku tunakutaja tukisali, usifikiri tunasahau. Lakini mama, mkutano unauweka Jumamosi alasiri. Sisi Jumamosi tuko ghalani. Tukija, mnaongea Kiingereza, kwa sababu nyinyi manesi mnakielewa, na sisi tunakaa tunacheka wengine wakicheka. Na lile somo la leseni."

"Somo gani?"

Mume ndiye aliyejibu, kwa upole. "Nilikuomba mara tatu. Mtu atufundishe maswali ya mtihani wa kuendesha gari, kwa Kiswahili, tuelewe. Mimi ninaamka saa tisa usiku kungoja mtu anipe lifti ya kazini. Bila gari hapa, wewe ni mfungwa. Ulisema, tutaangalia."

Nilikumbuka. Sikukumbuka mara tatu, lakini nilikumbuka mara moja, mlangoni pa ukumbi, huku nikitafuta funguo za gari langu. Nilikuwa nimesema tutaangalia jinsi mtu anavyosema kwaheri.

Nilisema, "Nisameheni," na yule mama akasema hakuna cha kusamehe, nile chakula. Nilipokuwa nikivaa viatu ndipo akaniuliza kama ningeweza kufundisha somo hilo mimi mwenyewe, kwa kuwa mikutano sasa itakuwa Jumapili baada ya misa. Nilihisi kiburi kikipanda kooni, mimi niliyekuwa mwenyekiti nikawe mwalimu wa alama za barabarani! Nikakimeza, kikashuka kwa shida.

Nilifundisha karibu miaka miwili. Nilichora makutano ya barabara ubaoni na kutafuta maneno ya Kiswahili ya vitu ambavyo sisi wenyewe huvitaja kwa Kiingereza tu. Mume wa yule mama alifeli mara mbili, akapita mara ya tatu, akaja kwangu akiendesha gari la kuazima ili tu nimwone akiegesha. Ni yeye aliyenifundisha kwamba katika jumuiya yetu kulikuwa na walimu wawili wa shule, seremala na aliyekuwa mwandishi wa mahakama, wote wakipanga masanduku ghalani. Miaka mitano nilikuwa mwenyekiti wao na sikujua.

Mzee aliishi kuona uchaguzi mwingine wa kwao, na hicho ndicho kisa cha mwisho ninachotaka kusimulia. Sheria ya zamani ilikuwa imemnyima kura kwa kuwa alikuwa ameishi nje zaidi ya miaka kumi na mitano. Kisha sheria ikabadilishwa. Binti yake alimjazia fomu ya kupiga kura kwa posta kwenye kompyuta, na uchaguzi ulipotangazwa, kila nilipofika aliniuliza kama posta imepita. Nilikuwa nikitoka kwenda kuchungulia sanduku la barua katika joto la Texas na kurudi na matangazo ya pizza.

Siku ya kura yenyewe iliangukia siku ambayo Wamarekani husherehekea kuachana na Waingereza. Majirani wote walikuwa nje wakichoma nyama, bendera kila uwanja. Karatasi yake ya kura ilikuwa haijafika. Saa kumi alasiri kwetu vituo vilifungwa kule kwao, na televisheni ikatoa makadirio: serikali iliyokaa miaka kumi na minne ilikuwa imeanguka, na chama chake kimeshinda kwa viti vingi mno.

Nilimpigia makofi. Hakushangilia. Aliomba nimwongezee sauti, akasikiliza kwa muda, kisha akaniuliza, "Wewe unaonaje, Sista? Kwa nini wameshindwa?"

Hakuwahi kuniuliza kabla ya hapo. Nikamwambia nimesikia wauguzi wenzangu walioko kule wakilalamika juu ya wagonjwa kusubiri wakiwa wamejaa korido nzima, na bei za vyakula, na viongozi kubadilishwa kama shuka. "Lakini naona zaidi watu walitaka wale waondoke, kuliko walivyotaka hawa waje."

"Asilimia ya kura zao si kubwa hivyo, utaona," akasema. "Viti vingi, mapenzi machache. Kama hawatalijua hilo mapema, na wao wataondoka." Kisha akauliza kama wale majirani wangetuletea mbavu za kuchoma. Walituletea. Nilimkatalia chumvi.

Bahasha ilifika Jumatatu. Niliikuta ndani ya sanduku nikamletea, nikidhani ataniambia niitupe. Aliifungua kwa kisu cha siagi. Alisoma majina ya wagombea kwa sauti, polepole, wa mji aliouacha miaka mingi, na baada ya kila jina alisema, "Huyu simjui." Kisha akanyoosha mkono.

"Kalamu, tafadhali."

"Mzee, uchaguzi umekwisha."

"Najua, Sista. Nilikuwa natazama televisheni."

Nikampa kalamu ya mfukoni mwangu, ile ninayoandikia presha. Aliilaza karatasi juu ya trei ya chakula, akainama, akaizungushia kiganja chake cha kushoto ili nisione anayemchagua, na mimi nikageuka nikatazama ukuta mpaka aliposema amemaliza.